Betri ya Kukalia na Jiwe la Kijani

Nawaletea kesi iliyonishinda. Sikilizeni mpaka mwisho ndipo mbishane. Atakayenikatiza katikati nitampa kiti hiki asimulie yeye.

Kwenye machimbo ya vito, huko nyikani karibu na Kasigau, walikuwepo watu watatu. Wakesho alikuwa mpishi, na kipaji chake kilikuwa kutotupa kitu. Shako alikuwa fundi wa redio na simu, na kipaji chake kilikuwa kuamsha vilivyozimika. Righa alikuwa mchuuzi wa dawa ya panya, anatembea na spika mgongoni, na kipaji chake kilikuwa mdomo: angeweza kumuuzia dawa hiyo mtu asiye na nyumba.

Wa nne ni Mwadime, mchimbaji. Huyu hagombei chochote. Huyu ndiye aliyekuwa chini.

Mchana mmoja dari ya shimo iliporomoka ikaziba njia nyuma yake. Bomba la hewa likanusurika, lakini nguzo ya mlangoni ikaangukia jenereta iliyokuwa ikiendesha feni ya kusukuma hewa, ikaipasua. Wachimbaji wakashika sururu. Mkubwa wao akasema wazi kwamba hawatamfikia kabla jua halijashuka, na hewa aliyobaki nayo Mwadime haitafika huko.

Righa akatoa betri ya spika yake bila kuombwa, ndogo, mpya. Ikaunganishwa na feni, feni ikazunguka. Shako akaitazama akatikisa kichwa. Betri ile ilitengenezwa kwa kuimba, si kwa kusukuma upepo. Chai haitachemka kabla haijakwisha.

Hapo Wakesho akainuka kwenye kiti chake. Kiti chenyewe kilikuwa betri kubwa ya sola, iliyoacha kushika chaji zamani. Ukiichaji, ukigeuka imekwisha. Shako mwenyewe ndiye aliyesema imekufa, wapewe watu wa vyuma chakavu. Wakesho akakataa. Akaitandikia gunia, akawa anaikalia akisonga ugali, na kila siku wachimbaji wanamuuliza ataiangua lini.

"Iangalie tena," akasema Wakesho.

"Mama, nilishaiangalia."

"Uliiangalia siku ambayo hakukuwa na mtu chini."

Shako akafungua vifuniko. Ndani kukavu. Wakesho akaleta sufuria ya maji ya mvua aliyoyakinga, maana ya kisima yana chumvi, na chumvi huua betri. Shako akajaza, akakwangua ukungu mweupe pale waya zinapofungwa, akaiunganisha na chaja ya paneli yake ndogo ya sola, ya kuchajia simu, isiyotosha kuzungusha feni. Taa ya chaja haikuwaka. Betri ilikuwa imelala mno, chaja haikuijua kama ni betri.

Kulikuwa na njia moja. Betri iliyo hai ifungwe ubavuni mwa iliyolala, iinyonyeshe kidogo, ndipo chaja iitambue. Lakini betri iliyo hai ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwenye feni.

Sasa nieleweni vizuri hapa. Feni ikivuma, bomba linajaa mvumo na Mwadime hasikiki. Feni ikizimwa, sauti yake inapanda. Yaani ukimsikia, ujue hapati hewa.

Baadhi ya wachimbaji wakataka betri ndogo iachwe hapo hapo, angalau apate hewa kidogo ya hakika. Shako akawaambia hicho ni kifo cha hakika. Wote wakamgeukia Righa, kwa kuwa mali ni yake. Shako hakumficha neno.

"Hii kubwa ina kiu, kaka. Itainyonya yako mpaka ivimbe. Hutauza kitu tena kwa hiyo."

Righa, mtu wa maneno, akachomoa waya za feni kwa mkono wake.

Sauti ikapanda kwenye bomba, ikiuliza mbona wamezima. Wakesho akainama akamwambia atulie, avute pumzi polepole. Mwadime akasema ana jiwe la kijani mkononi, halina hata ufa. Kisha akaapa kwa kaburi la mama yake:

"Mtu atakayenipa hewa, jiwe ni lake. Mtu mmoja. Silipasui, siligawi."

Baada ya hapo maneno yakaanza kuachana. Kisha yakawa pumzi tu. Betri ya Righa ikavimba. Waya zikashika moto vidoleni mwa Shako, naye hakuziachia. Mchimbaji mmoja akamwita muuaji. Wakesho akamwambia huyo arudi kwenye sururu yake au afunge mdomo.

Taa ya chaja ikawaka.

Wakaiacha paneli iilishe ile betri, kila mmoja akisikiliza bomba na hakuna aliyemtazama mwenzake. Shako akaunganisha feni. Ikasita, ikazunguka. Na ilipovuma Mwadime hakusikika tena, wakawa hawajui wanampulizia mtu au maiti. Betri ikilegea wanazima, paneli inailisha, Wakesho anatega sikio. Pumzi ipo. Wanawasha tena. Wakaenda hivyo mpaka sururu zikatoboa.

Mwadime akatoka vumbi tupu, ngumi imefungwa. Akaifungua.

"Ni nani?"

Wachimbaji wakarudi nyuma. Katika machimbo yale, mchimbaji hadai malipo kwa kumtoa mwenzake shimoni. Lakini wale watatu si wachimbaji, na desturi hiyo haiwahusu.

Righa akasema, "Betri yangu imekufa ili hiyo iamke. Ninyi mmetoa nini kisichorudi?"

Shako akamwonyesha vidole vilivyoungua. "Ungeiacha kwenye feni, sasa hivi ungekuwa na betri iliyokwisha na mtu aliyekwisha."

Wakesho alikuwa anakung'uta gunia lake. "Hewa ya huyu mtu nimeikalia mimi, mkinicheka. Wewe fundi ulishaizika."

Msiniambie wauze wagawane. Mtu ameapa kwa kaburi la mama yake, na alisema mmoja. Wala msiniambie Mwadime abaki nalo, huko ni kulikimbia swali. Mkono wake bado umenyooshwa, na watatu wamesimama mbele yake.

Je, wewe ungemwambia aliweke kwenye kiganja cha nani?