Gauni la Mjane

Je, umewahi kumwona mtu mwenye njaa akikaribishwa chakula, akasema ameshiba, kisha akanuna asipopakuliwa? Basi huyo ni Mama Célestine, fundi cherehani wa mtaa wa Doornfontein.

Placide, mlinzi wa jengo la jirani, hutengeneza filamu siku zake za mapumziko. Kamera yake ni simu iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio, na taa yake ni jua la dirishani. Filamu tatu alizipigia humo humo chumbani mwa Célestine. Mama huyo alishona mavazi, akasonga bugali, akawakumbusha waigizaji maneno yao, maana yeye alikuwa ameyakariri yote. Lakini kila Placide alipouliza nani mwingine angependa kuigiza, Célestine aliinamia cherehani kama aliyeangusha sindano. Moyo ulimchemka kama chungu cha maharagwe, ila kifuniko hakukiinua.

Filamu ya nne ilimhusu mjane. Célestine naye alifiwa na mume, na alijua jinsi mjane wa kwao Bukavu anavyoketi mkekani akimsimulia marehemu maisha yao, hata ugomvi wao. Akangoja aombwe. Akaombwa gauni. Nafasi akapewa Fiona, Mkenya anayefanya kazi benki, mwembamba kama ufito.

Siku ya kupiga picha, gauni lilimning'inia Fiona kama shuka kwenye kamba. Parfait, aliyeigiza shemeji, akauliza kama mjane ameingia humo pamoja na marehemu. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Placide hakucheka, maana fundi huyu hakuwahi kukosea hata upana wa kidole.

"Mama, gauni hili ulimpima nani?"

Célestine alitaka kuisingizia futi yake ya kupimia. Kabla hajafungua kinywa, Fiona akasema taratibu kwamba mjane huyu amemshinda, tangu asubuhi hata chozi moja halijamtoka.

Célestine akauweka mkasi mezani. "Nilijipima mwenyewe," akasema. "Mikono ilikata nguo, mie sikujua."

Fiona alikwisha kuanza kufungua vifungo.

"Filamu nne, mama," Placide akasema. "Mbona hukusema?"

"Nilitaka mnione bila kuomba. Leo naomba: mjane huyo namtaka mimi, nimwigize mimi. Wazee walisema kweli, mwanangu. Mficha uchi hazai."