Kwa Nini Mabakuli ya Makaburini Kigongoni Yana Pengo

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Bi Riziki binti Heri, katika matanga ya jirani yake Mwanatumu, mwaka wa 1951.

Zamani, mabakuli ya makaburini hapa Kigongoni yalikuwa mazima. Yalitoka Sindi, Bara Hindi: udongo uliopakwa rangi ya samawati na kuchomwa mpaka ukang'aa kama kioo. Kila bibi harusi alipewa moja, wala halikupakuliwa chakula. Lilingoja msiba wa kwanza wa nyumba yake, likakandikwa kwa chokaa juu ya kaburi. Jina halikuandikwa, bakuli ndilo lililosema nani kalala hapo.

Ndui ilipoingia, watoto wengi walizikwa kwa haraka, bila safu, matuta yakibanana. Mwanatumu alimzika binti yake mkubwa, Zuwena, akabaki na mdogo, Tima. Riziki naye alimzika mwanawe, lakini bakuli lake lilikuwa limemegeka ukingo. Mwanatumu, kwa uchungu uliokosa pa kwenda, alimwambia mbele ya watu, "Mwenzangu, mtoto umempa chombo cha kunyweshea kuku?"

Ilikuwa desturi kuyasugua mabakuli kwa majivu kabla ya Ramadhani. Mwaka uliofuata wanawake waliyasugua, yakawaka juani hata yakaonekana barabarani. Mzungu mmoja, mkusanyaji wa vyombo vya kale, alikuwa akipita na mkalimani wake. Akauliza kwa upole yalikotoka. Mwanatumu alidhani mgeni anawaheshimu wafu. Akamweleza yote, akamwonyesha moja moja, akianza na la Zuwena.

Kesho yake Mzungu alirudi na askari na watu wenye patasi. Wanaume walikwenda kumsihi. Wakaambiwa kwamba vitu hivyo vitatunzwa Ulaya, ndani ya kabati za vioo. Matuta yakachokorwa, mabakuli yakapangwa makashani kwa majani makavu. Walipofika kwa mtoto wa Riziki, mkalimani alisema, "Hilo bovu, liacheni." Likaachwa hilo tu. Masika ikasawazisha matuta yote.

Mvua ilipokatika, Mwanatumu aliuzunguka uwanja ule akilitafuta kaburi la Zuwena, kisha akaenda kuketi kando ya Riziki, aliyekuwa kwenye kaburi la mwanawe.

"Dada, wangu alikuwa upande gani wa wako?"

"Sijui tena, dada. Msomee hapahapa."

Akasoma Fatiha juu ya mtoto wa mwenzake, mbele ya bakuli alilolicheka.

Miaka ilipita, mama yake Mwanatumu akafariki. Mwanatumu alileta uani bakuli zima alilolinunua, akampa Tima alishike, akaligonga ukingo kwa jiwe mbele ya waliokuja kuomboleza. Kisha akawapa wanaume walipeleke kaburini.

Na tangu siku hiyo, Kigongoni bakuli halipandi kaburini bila pengo. Mwanatumu amekufa, Riziki amekufa. Aliye hai ni Tima peke yake. Ukimuuliza dada yake kalala wapi, hanyooshi kidole. Anaupitisha mkono wake juu ya uwanja mzima.