Macho ya Akiba

"Kazi usiyoitazama itakutazama." Ndiyo, Gwamaka, nimesikia dada yako akikuambia hivyo ulipotaka kunirushia mchoro wako niuchape bila hata kuukagua, na nimewaona nyote mkicheka. Mnadhani ni maneno ya kutishia watoto. Zimeni hiyo mashine ya kukatia mbao, mketi. Msemo huu una mwenyewe, tena una siku yake, nao ulizaliwa humu humu dukani, mimi nikiwapo na nyundo mkononi.

Ilikuwa miaka ile vishikwambi vilipoanza kuonekana hapa Tukuyu. Kabla ya hapo, mtu akifiwa aliniletea picha ndogo ya kitambulisho, nami niliikuza mpaka sura ikawa ukungu mtupu. Akaja Tusekile, binti wa mwalimu wa kwaya, na kishikwambi chake na kalamu isiyo na wino. Ukimpa picha ya marehemu, hata iwe imekunjamana, alikuchorea uso mzima, safi, kama mtu aliyetoka kwa kinyozi sasa hivi. Mimi nilichapa na kutia fremu. Siku ya familia kusimika msalaba kaburini, picha ile ilitangulia mbele ya watu, kisha ikatundikwa sebuleni. Wafiwa wengi wa mji huu walipitia kwetu.

Tusekile alikuwa na mkono mwepesi, sitaki kumpunja sifa yake. Ila wafiwa wana haraka, na haraka humfundisha fundi njia za mkato. Kilichomchelewesha ni macho. Sasa, alikuwa na jozi moja ya macho aliyoyachora zamani, wakati anajifunza, yakampendeza, akayahifadhi. Kila alipofika kwenye macho aliyachukua yaleyale, akayabandika usoni, akapunguza weusi kidogo, akaongeza mikunjo kama marehemu alikuwa mzee, akamaliza. Aliyaita macho ya akiba. Na picha ikishatoka mikononi mwake hakuitazama tena. Nikimwambia aje aone ilivyotoka kwenye fremu, alinijibu, "Baba, chakula kikishapakuliwa mpishi anaosha chungu." Akaenda zake.

Mimi ndiye niliyeanza kuona mambo hayako sawa. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni, mnaujua usivyo na adabu, na ukutani zilining'inia picha zilizokuwa zikingoja wenyewe: mzee mmoja wa kanisa, mama muuza ndizi, kijana aliyekufa kwa pikipiki. Nilikuwa nakata kioo. Nikahisi natazamwa. Nikageuka, hakuna mtu. Nikahamia upande wa pili wa meza, hali ikawa ileile. Picha kumtazama mtu si ajabu, nimeishi nazo. Ajabu ni kwamba zote zilinitazama kwa namna moja, kana kwamba kuna mtu mmoja nyuma ya ukuta, anachungulia kwenye matundu yote kwa pamoja. Niliogopa, nasema kweli. Nikazigeuza zikatazama ukuta, nikaendelea na kazi yangu.

Haikupita muda maneno yakaanza mjini. Mama mmoja alikuwa akiifunika picha ya mumewe kwa kanga kila anapoandaa chakula. Mwingine alisema kaka yake hakuwahi kuwa na jicho la kumhukumu mtu, labda amelipata huko alikokwenda. Watu walicheka, lakini walianza kuwapokea wageni barazani.

Basi asubuhi moja ya manyunyu akaja Bibi Atuganile, picha ameifumbata kifuani, na mjukuu wake Bupe anamfuata nyuma. Picha ilikuwa ya Subilaga, binti ya bibi huyu na mama yake Bupe, ambaye tulikuwa tumemzika kabla ya mavuno. Tusekile alikuwapo dukani ananiletea kazi nyingine. Bibi aliingia. Mtoto alibaki kizingitini, mvua inamlowesha, hataki kuvuka.

"Mwanangu Tusekile," bibi alisema, "mtoto halali kwenye chumba chenye hii picha. Anakula nyuma ya mlango. Nimembembeleza, nimemkemea, wapi. Na ile simu yenye picha uliyoitazama ukachora imetumbukia majini, haiwaki tena. Sura ya mwanangu imebaki hii tu duniani. Huyu mtoto ni mdogo, anasahau. Akiikimbia hii, atamkumbuka mama yake kwa kitu gani?"

Tusekile aliinama mbele ya mtoto. "Bupe, huyu si mama?"

"Siyo."

"Ni nani basi?"

"Ni babu yake Lugano," Bupe alisema. "Amejificha ndani ya mama."

Babu yake Lugano alikuwa jirani yao, marehemu wa mwaka uliotangulia, na picha yake tuliitengeneza sisi. Tusekile alianza kucheka, akaacha. Nami sikungoja kuambiwa. Nilizigeuza fremu zangu moja baada ya nyingine, halafu nikachukua vipande vya makaratasi magumu nikazifunika sura kuanzia puani kwenda chini, yakabaki macho peke yake. Mzee wa kanisa, mama muuza ndizi, kijana wa pikipiki, na Subilaga, niliyemtundika katikati yao. Alikuwa mtu mmoja.

"Ni ya nani haya, Tusekile?" nikamuuliza.

"Sijui, baba. Nilijifunzia tu. Sikumbuki hata nilimtazama nani."

Alisema hivyo akiwa ameupa ukuta mgongo, anatutazama sisi. Bupe akamwangalia yeye, akaangalia picha nyuma yake, akamwangalia yeye tena. Akakimbia ndani kwa mara ya kwanza, akajificha kwenye kanga ya bibi yake.

"Bibi," akasema polepole, "na huyu anayo."

Mezani palikuwa na kioo cha kujitazamia nilichokuwa nakitilia fremu, na Tusekile alikiendea kama mtu anayeitwa. Akajitazama macho. Ndipo alipokumbuka. Wakati anajifunza hakuwa na mtu wa kumkalia akamchora, kwa hiyo alikaa mbele ya kioo nyumbani kwao akajichora mwenyewe. Wakati huo wote, katika kila sebule yenye msiba mjini humu, alikuwa ameketi ukutani anawaona watu wakila na wakilia, na mwenyewe hana habari.

"Kazi usiyoitazama, mwanangu," Bibi Atuganile alisema, "itakutazama." Hakusema kwa ukali. Kisha akasema, "Sasa nirudishie binti yangu."

Nyinyi mnajua kuwa picha ya kishikwambi huchorwa kwa leya, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Tusekile aliifungua kazi yake ya Subilaga, akaanza kuziondoa mbele yetu. Alitoa nywele na kilemba. Akatoa rangi ya ngozi. Akayatoa macho yake, na uso ukabaki na mashimo mawili meupe, bibi akageukia pembeni. Aliendelea. Chini kabisa ilikuwepo mistari ya mwanzo, ile ya haraka haraka aliyoichora wakati simu ya bibi ilikuwa bado mbele yake, kabla hajafikiria njia ya mkato.

Macho yalikuwamo. Kope moja ilishuka kuliko nyingine, na yote mawili hayakutazama mbele. Yalitazama chini, upande wa kushoto.

"Niliona kama ni kasoro," Tusekile alisema. "Marehemu anatazama pembeni! Nikayafunika."

"Si kasoro," bibi alisema. "Ile picha niliipiga mimi. Bupe alikuwa hapo chini anamvuta nguo. Nyinyi mlimkata mtoto, mkasema picha ya msiba ni ya mtu mmoja."

Bupe alitoka kwenye kanga. Alikizunguka kile kishikwambi, taratibu, mpaka akafika upande wa kushoto, akainua uso.

"Ananitazama mimi," akasema.

Bibi Atuganile alilia hapo hapo, nami sikuona haya kulia naye.

Tusekile aliichora upya juu ya mistari ile, nikaichapa, nikaitia fremu nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Ikatundikwa kwa bibi, na kigoda cha Bupe kikawekwa chini yake upande wa kushoto. Alikula hapo, akasoma hapo, akakulia hapo.

Macho ya akiba Tusekile aliyafuta siku ileile. Tangu hapo hakunipa kazi kabla hajaiweka kichwa chini miguu juu akaitazama, akashuka mpaka mistari ya kwanza kuona mkono wake ulijua nini kabla yeye hajakifunika. Mwalimu wake umekuwa mkono huohuo, na mnaona wenyewe alipofika. Picha nyingine alizirekebisha. Ila kuna ambazo alishazifuta kwenye mashine, na kuna wenyewe waliokataa zisiguswe. Kwa akina Lugano walisema babu wameshamzoea hivyo.

Mpaka leo Tusekile akienda kuwasalimu huketi chini ya ile picha, ameipa mgongo. Watamkaribisha kiti kingine, atasema hapa panatosha. Hageuki mpaka anaaga.

Basi, Gwamaka, acha kucheka, kifungue tena hicho kishikwambi chako. Kazi usiyoitazama itakutazama.