Firigisi ya Bibi Nakijwa

Nietiwe alikuwa anafua blanketi, povu hadi viwikoni, binti yake Senzia alipopiga simu kutoka hospitali.

"Mama, hawampasui Bibi!"

Blanketi likamtoka mikononi. Uvimbe wa saratani uko tumboni, siku imeshapangwa, halafu hawampasui?

Katika nyumba ile kila mtu alijaliwa lake. Senzia, mdomo usioficha jambo. Mbonea, mume wa Nietiwe, subira ya punda. Nietiwe, jiko na moyo mgumu.

Mdomo ndio ulioanza. Asubuhi hiyo hospitalini, daktari alimwuliza Bibi Nakijwa, mama yake Mbonea, kama anatembea.

"Kila siku naenda sokoni," alijibu kwa madaha.

"Bibi, acha uongo! Daktari, ni kitandani na kitini tu. Na ameanguka mara mbili."

Daktari akamwambia ainuke bila kushika kitu. Akashindwa.

"Miaka sabini na tisa si neno," daktari alisema. "Neno ni udhaifu huu. Nikimpasua leo, uvimbe utatoka, yeye huenda asiamke. Uvimbe unaweza kungoja wiki nne. Nirudishieni mwili wenye nguvu. Nani humletea maji?"

"Mama yangu."

"Aache."

Neno hilo, Senzia alipolifikisha kwenye simu, lilimshtua Nietiwe kuliko saratani yenyewe. Miaka ishirini na miwili hakumwacha mama mkwe ainuke hata kufuata kigoda, ndivyo alivyofundwa. Kumbe alikuwa anamdhoofisha kwa adabu?

Mbonea akamtembeza mama yake kila asubuhi, kilima kile kile. Majirani wakacheka: "Unamswaga mamako kama mbuzi?"

"Mbuzi angeshafika," Bibi akawajibu, akihema.

Nietiwe akapika mayai, maharage, dagaa, akamsimamia mpaka sahani ing'ae. Maji hakupeleka tena.

"Umenichoka, mwanangu?"

"Sijakuchoka, mama. Inuka."

Wiki nne zikatimia, Bibi akapasuliwa. Akaamka. Akaingia nyumbani kwa miguu yake.

Jioni hiyo wakachinja jogoo. Watu wanne, sahani nne, hakuna aliyekosekana. Kwao firigisi haikatwi. Hupewa mmoja, mwenye heshima ya siku. Bibi akaichota kwa kijiko, ampe aliyemwokoa.

"Bila mdomo wangu ungepasuliwa siku ile," alisema Senzia.

"Na kile kilima alikupandisha nani?" Mbonea akauliza.

Na Nietiwe? Angedai nini? Alichotoa yeye ni kunyima.

Haya, ninyi mnaosikiliza: kijiko kiko hewani, firigisi inapoa. Mngekishusha kwenye sahani ya nani?