Nyuki wa Pimbi

"Nisimulie nisisimulie?"
"Simulia, tumeshakaa."
"Na nikidanganya?"
"Danganya vizuri."

Basi tulieni, nyie mliomaliza shule, maana hii hamkufundishwa.

Hapo kale, katika Bonde la Magadi, mbabe alikuwa Nyati. Kulamba magadi mpaka umpigie magoti. Kaka yake Pimbi alikataa, Nyati akamkanyaga, pwaa, mchana kweupe. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabalini, unambeba kwa mkono mmoja. Akamlilia kaka yake siku saba. Siku ya nane akaacha kulia, akaanza kufikiri.

Akavuka mto mpaka kwa Ndovu. Hakuna aliyempita Ndovu kwa nguvu, wala kwa kula.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unanukia magadi wewe."

"Ya kwetu hayo. Lakini mjomba, Nyati anafuga nyuki mapangoni. Anangoja waongezeke awatume huku kwenu."

Ndovu haogopi kitu duniani isipokuwa nyuki. Masikio yakamsimama.

"Umewaona?"

"Nimewasikia, mjomba. Vuuum."

Hakuwa amesikia hata nzi.

Ndovu akavuka mto, chubwi. Akatembea, ndi, ndi, ndi. Akamnyanyua Nyati, akambwaga, puu, na habari za Nyati zikaishia hapo. Bonde zima likacheza. Pimbi akabebwa juu juu: mdogo kamwendesha mkubwa kama punda.

Sasa, bondeni kwao mgeni haulizwi safari yake mpaka ale ashibe. Wakamkaribisha Ndovu, wakangoja ashibe wamuulize anarudi lini kwake. Ndovu akala nyasi, akala magome, akalamba magadi. Wiki ikaisha, mgeni bado anakula. Mwezi ukaisha, mgeni bado anakula. Ikabidi waulizane wenyewe, pembeni.

"Kilichomleta ni magadi," akasema Ngiri. "Mtazameni ulimi."

"Ni nyuki," akasema Kanga. "Aliogopa kweli, maskini."

"Bibi," akadakia mwingine, "baba yake Ndovu alipigana na baba yake Nyati, wakaachana hakuna mshindi. Huyu kaja kummalizia mzee wake."

"Mbona amemaliza na haondoki?" akauliza wa nne. " Basi anatafuta pa kusimama amchungulie Kifaru, bonde la pili."

Ngiri akageuka. "Na wewe Pimbi uliyemleta, unasemaje?"

"Ana huruma tu."

Wakacheka mpaka Ngiri akakaa chini. Pimbi naye akacheka, jicho moja liko kwa Ndovu.

Asubuhi moja Ndovu akaanza kutafuta nyuki. Akabomoa pango la kwanza, kacha. Hakuna nyuki. Akabomoa la pili, kacha. Hakuna nyuki. Pimbi angeweza kusema. Hakusema, kwa sababu mapango hayo yalikuwa ya wengine, na jina lake bado lilikuwa likiimbwa. Ndovu akafika kwenye majabali ya mapimbi. Mama yake Pimbi alikuwa ndani.

Pimbi akakimbia akasimama mbele ya mguu.

"Mjomba, subiri. Hakuna nyuki. Niliwatunga mimi. Nilikuwa na uchungu wa kaka yangu."

Ndovu akamtazama kwa upole kabisa.

"Nyati naye alisema hakuna," akasema.

Kacha.

Mama alitoka mzima, anachechemea, na vumbi kichwani. Alimpita mwanawe, akaenda kuketi kwa Kanga. Ndovu akakung'uta vifusi, akanusa, akainua mkonga upande wa bonde la pili.

"Basi wamehamishiwa kwa Kifaru."

"Mjomba, nakuapia, hakuna mahali walipo."

"Usiogope, mpwa wangu. Nitawapata."

Akaondoka, ndi, ndi, ndi, na Pimbi akimkimbilia nyuma akisema ukweli, ukweli mtupu, mpaka pumzi ikamwishia.

Hadithi yangu imechoka miguu, naitua hapa, anayeitaka aibebe. Na funzo lake ni hili: mdogo mwenye akili humshinda mkubwa kila mara. Asiyeamini akamuulize Pimbi. Nyumba hana, lakini alishinda.