Kwa Nini Sale Lenye Mstari Halipokelewi Mkononi

Mmeona jinsi muuzaji wa kitalu alivyoliweka lile sale lenye mstari, mmea wa majani marefu, chini, mbele ya miguu yenu. Maua ya Krismasi aliwapa mkononi. Mwerezi mdogo wa kwenye kopo aliwapa mkononi pia, na utepe wake mwekundu juu. Sale peke yake akaliweka chini, akarudi nyuma, nanyi mkanong'onezana kwamba ana kiburi. Hana kiburi. Sikilizeni kwanza.

Kulikuwa na wakati ambapo sale la mstari halikuwapo. Masale yote ya mlima huu yalikuwa ya kijani kitupu, kutoka shinani hadi kwenye ncha, na yalikuwa yakisikia. Ndiyo maana yalipandwa mipakani, mahali ambapo watu hugombana. Aliyemkosea mwenzake alivunja sale katika kihamba chake, yaani shamba la nyumbani kwao, akalibeba kwa mikono miwili na kulitaja kosa lake. Aliyeletewa hakuwa na ruhusa ya kukataa. Nyumba iliyokataa sale la mtu, sale lake nalo halikupokelewa popote tena.

Siku hizo mjane mmoja, Anankira, alikuwa na kitalu kando ya mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni. Kila Desemba watoto wa mlimani waliotawanyika mijini walirudi makwao, nao walipita kwake kuchagua miti na maua ya kupamba nyumba. Alimwuzia kila mtu alichotaka, isipokuwa kitu kimoja. Ukingoni mwa mfereji ulisimama mwerezi mrefu, na mizizi yake ndiyo iliyoushika ukingo ule. Ungekatwa, mizizi ingeoza, ukingo ungebomoka, na maji yangeangukia korongoni. Miche yake yote ingekauka, pamoja na migomba ya majirani walio chini.

Ndipo akaja Ndetaramo, pamoja na mkewe Kaanaeli. Ndetaramo alikuwa amewaandikia kaka zake kwamba safari hii mti wa nyumbani kwake utagusa dari, na kaka zake walikuwa njiani. Alipita kati ya makopo, akiishika miche na kuiacha.

"Huu hapa mzuri," Kaanaeli alimwonyesha.

"Huo? Mbuzi ataumaliza kabla hatujamaliza kuimba." Akanyoosha kidole ukingoni. "Nataka ule."

"Ule hauuzwi, mwanangu," Anankira alisema. "Umeshika maji."

"Mama, hiki ni kitalu. Kila kilichomo kinauzwa."

"Basi ninunue na mimi, ukanisimamishe sebuleni na mishumaa kichwani."

Wanunuzi wote wakacheka. Ndetaramo hakucheka. Alitazama huku na huku, akaenda kwenye ua wa masale uliozunguka kitalu, ua wa Anankira mwenyewe, akavunja sale moja pamoja na kipande cha shina lake. Akarudi amelibeba kwa mikono miwili. Kicheko kikakatika.

"Mama, nisamehe."

"Umenikosea nini?"

"Nitaukata ule mwerezi."

Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo: mtu kuombea msamaha kosa ambalo bado hajalifanya. Anankira akilipokea jani, atapoteza maji. Akilikataa, watoto wake hawatasamehewa na mtu mlima mzima. Alitazama mfereji, akatazama jani, kisha akanyoosha mikono na kulipokea.

"Nimepokea," alisema. "Nenda ukafanye ulichosamehewa."

Ndetaramo akachukua shoka lililokuwa limeegemezwa kwenye kibanda. Alipolipiga pigo la kwanza, kwenye jani lililokuwa mikononi mwa Anankira ulichomoza mstari wa manjano, mwembamba kama uzi. Pigo la pili, uzi ukapanuka na kupanda kuelekea kwenye ncha. Kaanaeli ndiye aliyeuona kwanza. Akageuka kuutazama ua. Shina lile lililovunjwa nalo lilikuwa limeanza kugeuka manjano, na la jirani yake pia.

Akakimbia, akaushika mpini wa shoka likiwa hewani. "Baba Manase, shusha! Haya yakigeuka yote, mwanao akikosea kesho atabeba nini? Jani la mgomba?"

"Kaka zangu watanicheka."

"Watacheka huku wanakunywa mbege yako. Shusha!"

Ndetaramo aliangalia jani. Mkono wake ulibaki juu, na watu wote waliuangalia mkono huo. Maji ya mfereji yalisikika yakipita. Kisha akashusha shoka, polepole, akaliweka chini. Manjano yakasimama pale pale, katikati ya jani, kabla ya kufika kwenye kingo, na uani hayakuenea zaidi.

Aliondoka kwenda kwake. Aliporudi alikuwa na sale la kijani kutoka kihamba chake, na safari hii alitaja mambo aliyokwisha kuyafanya: majeraha mawili ya mwerezi, sale la ua usio wake, na msamaha aliouchukua kabla ya kosa. Anankira alikawia hata Kaanaeli akaanza kulia. Kisha akalipokea. Wakaenda pamoja kuyapaka majeraha ya mti udongo na samadi. Jioni kaka zake waliukuta mwerezi wa kwenye kopo juu ya meza, wakacheka mpaka wakachoka.

Lile sale la mstari Anankira hakuweza kulitupa, kwa kuwa alikuwa amelipokea. Hakuweza kulirudisha mpakani, kwa kuwa halikusikia tena. Akalichomeka kwenye kopo la udongo, likashika mizizi, na machipukizi yake yote yakatoka na mstari.

Na tangu siku hiyo, Desemba ikifika, mtalikuta kwenye kila kitalu likiwa katikati ya maua ya Krismasi. Hupendeza sebuleni, lakini anayekwenda kuomba msamaha hulipita na kutafuta la kijani. Na anayeliuza huliweka chini, mnunuzi akaliokota mwenyewe. Kwa sababu ukilipokea kutoka mikononi mwa mtu, umemsamehe jambo ambalo bado hajalifanya.