Kidole cha Mzee Obadia

"Mtoto hufuata kisigino, hafuati kidole."

Mmelisikia neno hilo leo kwa mwalimu wa kwaya, alipokuwa akimwonya baba yake Tito pale nje ya kanisa, nanyi mkacheka. Kisha Neema akaja kuniuliza, "Babu, kisigino na kidole vinahusianaje na malezi?" Swali hilo linafaa kujibiwa. Basi endeleeni kupukuchua mahindi huku mnasikiliza. Mimi sipendi methali itemwe hovyo kama ganda la karanga na mtu asiyejua ilikotoka. Hii haikushuka na mvua. Ilitoka kinywani mwa kijana mmoja, hapa hapa kwetu Lugelele, kwenye mlango wa kanisa la zamani, na aliyeambiwa alikuwa baba yake mzazi, Mzee Obadia Mtewele.

Obadia alikosa mambo mengi. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na hata bati moja juu ya nyumba yake, na nyasi alizoezekea alizikata mwenyewe. Hakuwa na viatu, ila ndara za matairi. Hakuwa na ndugu wa kiume wa kumsaidia kulima viazi. Hakujua kusoma wala kuandika. Biblia aliyobeba Jumapili ilikuwa ya mkewe, na ili asiishike juu chini aliutazama msalaba uliochapwa kwenye jalada. Halafu mkewe, Tulia, akafa kwa homa ya uzazi pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni, na tangu hapo hakuwa na mke.

Alichobaki nacho ni mwanawe wa pekee, Enoki, na heshima yake kanisani.

Heshima hiyo haikuwa ndogo. Obadia alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyewafundisha watoto Jumapili kabla ya ibada. Kwa kuwa hakujua kusoma, alitumia vidole. Kila kidole kilikuwa amri moja, kuanzia gumba la kulia hadi gumba la kushoto, na mtoto aliyesahau aliambiwa, "Jitazame mikononi, Mungu amekuandikia." Baada ya amri aliwapeleka watoto mlangoni. Kanisa lile lilikuwa mlimani, na kutoka mlangoni mtu aliona njia ya kanisani upande mmoja, na upande wa bondeni aliona mianzi. Obadia alinyosha kidole chake cha shahada, kirefu, chenye kovu la panga, akasema, "Njia ni ile." Kisha alikigeuza kuelekea bondeni. "Na mauti ni kule."

Kwa nini mianzi iwe mauti? Nyinyi wa leo mnakunywa soda, nitawaeleza. Wakati wa mvua, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, likafungiwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia maji yake. Maji hayo ndiyo ulanzi. Yakiwa mabichi ni matamu, mtoto anaweza kunywa. Yakikaa, yanalevya. Wamisionari walipofika walikuta wazee wetu wakiuana kwa ajili ya ulanzi, ndipo kanisa likaweka sheria: Mkristo hagemi wala hanywi. Atakayekutwa hutengwa na Chakula cha Bwana mpaka atubu mbele ya watu wote. Obadia alipobatizwa aliacha kugema mianzi aliyorithi kwa baba yake. Ikasimama tu pale bondeni, haiguswi.

Alipomzika Tulia, Obadia hakulia. Mzee wa kanisa alitakiwa kuwatia wengine nguvu, naye akawatia. Lakini usingizi ulimkimbia. Asubuhi moja mapema, mvua ikiwa imekatika, alishuka bondeni akachagua chipukizi moja, akalikata ncha, akalifungia mbeta. Alijiambia ni dawa ya usingizi tu. Kesho yake akarudi. Ikawa desturi yake: kwanza mianzini, halafu nyumbani kumwamsha mtoto, halafu sala ya asubuhi.

Sasa, mnajua umande wa kwetu. Nyasi huwa nyeupe, na mtu akipita huacha mstari mweusi nyuma yake, unaoonekana hata kwa mbali. Enoki alikuwa bado mdogo, hajaanza hata mafundisho ya kipaimara. Aliamka akakuta baba hayupo. Mtoto aliyefiwa na mama hawezi kuamka akamkosa na baba asiogope. Akatoka nje, akauona ule mstari kwenye nyasi, akaufuata. Nyayo za baba yake zilikuwa kubwa na hatua zake ndefu, kwa hiyo mtoto aliruka kutoka unyayo hadi unyayo asilowe. Akafika mianzini. Akamwona baba ameinua mbeta mdomoni.

Obadia aligeuka. "Unatafuta nini huku?"

"Nakutafuta wewe, Baba."

"Naangalia mianzi ya kujengea banda la kuku."

"Ndiyo, Baba."

Hawakuwa na kuku. Mtoto alijua, na baba alijua kwamba mtoto anajua, lakini neno likaishia hapo. Jumapili iliyofuata Obadia alisimama mlangoni akanyosha kidole kama kawaida, na Enoki akasimama katikati ya watoto wenzake akakitazama.

Dhambi ya mtu mzima huota polepole ndani ya mtoto, kama mbegu ya mti. Enoki alianza kwa kulamba yaliyobaki kwenye mbeta baba akishaondoka. Akaendelea kwa kunywa nusu. Alipopata kipaimara alikuwa tayari na mbeta yake mwenyewe, upande wa pili wa mianzi ile ile. Baba na mwana walinywa kisima kimoja, kila mtu kwa saa yake, wakakutana nyumbani kwa sala ya asubuhi.

Ijumaa Kuu ya mwaka mmoja, kwaya ilikuwa ikishuka bondeni kukata matawi ya kupamba kanisa kwa Pasaka. Wakamkuta Enoki amelala chini ya mianzi, mbeta kifuani, anaongea na mama yake aliyekufa. Wakambeba hadi nyumbani kwa shangazi yake Semeni. Jioni hiyo wazee wa kanisa wakaitwa kupitia majina ya watakaokula Chakula cha Bwana siku ya Pasaka.

Mwinjilisti wetu, Elifasi Kaduma, alikuwa mtu mpole. Alisema, "Ndugu zangu, kijana bado mdogo, hana mama. Tumwonye faraghani. Mzee Obadia, wewe unasemaje?"

Kumbukeni hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema neno moja tu. Badala yake alisimama akanyosha kidole, akasema, "Sheria ya Bwana haina mtoto wa mtu. Akisamehewa wa kwangu kwa siri, nitawafundishaje wa kwenu? Atengwe mbele ya watu."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Kweli huyu ndiye mzee." Obadia akaketi, uso umekauka.

Siku ya Pasaka Enoki aliitwa mbele. Mimi nilikuwepo, kijana wa rika lake, nimeketi benchi la wanaume. Alikuwa amevaa shati alilofuliwa na shangazi yake, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Mwinjilisti akamwuliza, "Enoki, ni nani aliyekufundisha jambo hili? Mtaje, ili naye tumsaidie."

Wengi walimtazama Mzee Chogo, mlevi wetu aliyependa kuketi karibu na mlango. Chogo akanung'unika, "Msinitazame mimi, mimi nanunua wangu!" Wengine wakacheka kidogo wakijizuia.

Enoki hakucheka. Alimtazama baba yake, aliyeketi na wazee pembeni ya madhabahu na ile Biblia mapajani. Kisha akasema, "Nilijifunza mwenyewe."

Akatengwa. Akatoka nje kabla ya meza kuandaliwa. Kwa kuwa sheria ilidai mzee mmoja amsindikize aliyetengwa hadi mlangoni, Obadia ndiye aliyesimama. Wakafika pale pale alipozoea kuwasimamisha watoto. Bonde lilikuwa mbele yao.

Obadia akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nilikuonyesha njia tangu utoto. Sikukuonyesha?"

"Ulinionyesha, Baba. Kidole chako nilikiona kila Jumapili." Enoki hakupandisha sauti, wala hakukuwa na ukali ndani yake. "Lakini mtoto hufuata kisigino, Baba. Hafuati kidole."

Akashuka mlima. Siku hizo lori la kuchukua manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, lilikuwa linapita barabarani. Akapanda akaenda Korogwe, hakurudi.

Ndani ya kanisa watu walimpokea Obadia kwa kumshika mikono. Walimwita Ibrahimu. Kesho yake alichukua panga akashuka bondeni akaikata ile mianzi yote hadi shina, akaichoma. Watu wakasema, "Tazameni, amekiteketeza kilichompoteza mwanawe." Wakamsifu tena. Alipogundua kwamba hata toba yake inageuka kuwa sifa, alianza kukonda. Aliacha kufundisha watoto. Watoto walipomwomba, "Mzee, tuonyeshe amri," alitia mikono mfukoni mwa koti lake kuukuu akapita.

Miaka ikaenda. Siku moja Yoramu Kilasi, kijana wa hapa kwetu, akarudi kutoka mkonge, mfuko begani, akakutana na Obadia njiani. Mimi nilikuwa nikiongozana na Obadia kutoka shambani.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene. Umemwona wa kwangu?"

"Yupo. Ameoa mwanamke wa Kisambaa. Wana binti, wamemwita Tulia."

Obadia alishika mti wa karibu. "Tulia," akasema. "Anafanana naye?"

"Mimi sikumjua mama. Ila ni mwerevu mno yule mtoto. Anauliza kila kitu."

"Anakwenda kufundishwa Jumapili?"

Yoramu akakuna kichwa. "Hapana, Mzee. Aliniuliza kanisa ni nini, nikamwambia ni nyumba yenye kengele. Nilimlaumu baba yake. Enoki akaniambia, 'Mwanangu hatafundishwa na watu wanaonyosha kidole.'"

Obadia akauachia ule mti, akaendelea na njia.

Jumapili iliyofuata, kabla ya sala ya mwisho, alisimama. Akaeleza yote: mbeta, umande, uongo wa banda la kuku, kidole, na maneno ya mwanawe mlangoni. Hivyo ndivyo sisi tulivyoyajua. Watu wakanong'ona kwamba uzee umemchanganya. Mwinjilisti Kaduma, naye ameshazeeka, alishuka madhabahuni akamkumbatia akasema, "Umesamehewa, ndugu yangu."

"Na ninyi mnaweza kunisamehe," Obadia akasema. "Lakini kuna mtoto Korogwe ambaye hamjui Mungu kwa sababu yangu. Nitengeni kwanza. Nitoke kwa mlango ule ule."

Akatoka. Hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Mwaka huo darasa la jioni la watu wazima lilifunguliwa shuleni. Mimi nilijiandikisha, na ndiko nilikopata hii elimu yangu ninayojivunia; mwenye kucheka acheke. Obadia alikuja akaketi benchi moja nami, kichwa cheupe kati ya vijana. Shangazi Semeni alikuwa amemwambia, "Kaka, si umwambie mwalimu akuandikie barua, umalize?" Akamjibu, "Nilimwonya mwanangu kwa kinywa cha kanisa. Sitamwomba radhi kwa mkono wa mtu."

Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi. Kalamu ilimponyoka, akaiokota. Aliandika herufi moja mara nyingi mpaka mwalimu akamhurumia. Msimu mmoja wa mvua ukapita, na mwingine. Alikuwa ameanza kukohoa vibaya, na sote tulijua anakimbizana na nini. Hatimaye alinipa karatasi nimsomee, nione kama inaeleweka. Bado naikumbuka:

"Enoki mwanangu. Ni mimi baba yako, mkono huu ni wangu. Hukujifunza mwenyewe. Mimi ndiye niliyekufundisha. Ulinifichia aibu mbele ya watu nami nikakuacha uondoke. Nimeyasema yote kanisani. Usimnyime Tulia meza ya Bwana kwa ajili yangu. Usimtume kanisani, nenda naye. Tangulia wewe, yeye atakuja nyuma. Uliniambia kweli, mwanangu. Mtoto hufuata kisigino, hafuati kidole."

Nikamwambia inaeleweka. Gundi ya bahasha ilikuwa imeharibiwa na unyevu, haishiki. Obadia akamega ugali kidogo kwenye sahani yake, akaupaka ukingoni, akaibana bahasha kwa kile kidole chenye kovu, akakikandamiza hapo mpaka ikashika.

"Nipe, Mzee," nikasema. "Kesho naenda mjini, nitaipeleka posta."

"Hapana," akasema. "Hii nitaipeleka kwa miguu yangu."

Alfajiri nilitoka nje, nikaona mstari mweusi kwenye umande kutoka mlangoni kwake. Haukwenda bondeni. Ulipanda barabarani, hatua fupi za mgonjwa, moja baada ya nyingine. Nilimfikia karibu na mji, nikatembea nyuma yake. Alisimama mbele ya sanduku la posta, akaitazama bahasha pande zote mbili, akaitumbukiza.